Viganja vya Bi Mgeni

Siku hizi mwenye maumivu hupumzika kisheria, mtu au mnyama, na viganja vya mkandaji, vilivyopandikizwa kipima-misuli, ndivyo huamua yameisha lini. Asubuhi Bi Mgeni alimkanda farasi mgongo na mapaja mpaka akalegea. "Yuko tayari," viganja vikatangaza, na farasi akarudishwa kwenye mkokoteni.

Jioni akamkanda kwa maji ya moto binti yake Salha, aliyejifungua juzi.

"Farasi unawabembeleza, mimi unanifinya!"

"Tulia, punda wee."

Wakacheka. Kiuno kikaanza kulegea. Viganja vikapata joto, kama kawaida yao kabla ya kusema.

Salha akamshika mkono.

"Basi, mama. Niachie maumivu kidogo. Kiwandani wananingoja, na mtoto hata jina hajapata."