Nyuki Upande wa Kaka

Adhuhuri moja ya mwezi wa Mei, nyuki wa Hiltrud walihama mzinga wakaenda kutua kwenye mtufaha wa kaka yake, ng'ambo ya uzio ambao Hiltrud hakuwa ameuvuka kwa miaka tisa, tangu walipogawana kwa matusi shamba la miti ya matunda la marehemu baba yao.

Alisimama kwenye nyasi zilizomfika magotini, sanduku tupu mikononi. Angechelewa, nyuki wangeruka tena na kupotelea msituni. Akauvuka uzio.

Kaka yake alikuwa ameshaegemeza ngazi ya kuchumia matunda mtini.

"Nishikie sanduku," Hiltrud alisema.

"Miaka tisa hata salamu hunipi, leo unakuja na amri?"

"Habari za mchana, kaka. Haya, nishikie sanduku."

Kaka akacheka puani, akaliinua sanduku juu ya kichwa chake. Hiltrud akapanda, akalitikisa tawi mara moja kwa nguvu. Nyuki wakaporomoka sandukuni kama bonge moja zito, lenye vuguvugu. Mmoja akamchoma kaka mdomoni. Mikono yake haikutetereka.

"Malkia yumo?" aliuliza, mdomo ukianza kuvimba.

Nyuki waliobaki nje walikuwa wakiingia wenyewe, kwa foleni, wakimfuata.

"Yumo. Ila sanduku likae hapa mpaka jua lizame, waliotawanyika warudi."

"Likae," kaka alisema, akiliweka sanduku chini ya mti.

Hiltrud akashuka ngazi, akageukia uzio.

"Sasa unakwenda wapi? Unajua nyuki nawaogopa tangu utotoni. Kaa nao, nikuletee mkate."

Hiltrud akaketi nyasini.