Jumamosi za Mzee wa Ndege

Hyacinthe alipotoka na kamera yake shingoni, alimkuta mke wake amekwisha kukaa ndani ya gari. Epiphanie alikuwa amevaa buti za mvua, mkoba ameupakata kama mtu anayepelekwa kwa daktari.

“Leo mi nakwenda na we, Papa Joëlla.”

Hyacinthe alimweleza kwamba kule kwenye delta ya Rusizi kuna matope na mbu, na kwamba vita havijaisha. Epiphanie akavuta mlango wa gari na kuufunga.

Sababu Hyacinthe aliijua. Majirani wote wa Mutanga Sud walikuwa wakiulizana ni ndege gani hao wanaomtoa mwanaume nyumbani kila Jumamosi, huku risasi zinalia milimani. Yeye, mwalimu wa biolojia, mzee wa kanisa, mtu ambaye hajawahi kuruhusu hata chupa moja ya bia ipite kwenye lango lake, leo mke wake mwenyewe anamfuata. Ilimuuma. Akawasha gari, wakaondoka.

Kwenye barieri ya njia ya Gatumba, wanajeshi walimpokea kwa furaha. Wao walimwita Mzee wa Ndege. Epiphanie akashusha kioo na kumuuliza mkubwa wao kama mzee huyu hupita pale kila Jumamosi. Akajibiwa ndiyo, hakosi. Na hurudi saa ngapi? Jua likizama, wakati wanakaribia kufunga njia.

“Na anakuwaka peke yake, Mama,” askari aliongeza akicheka, ingawa hilo hakuulizwa.

Wakaacha gari pembeni, wakaingia kwenye matete. Hyacinthe alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaelekeza kamera majini. Mbele yao walikuwa wari, ndege wakubwa weupe wenye mfuko chini ya mdomo, wamejipanga kwenye ukingo wa mchanga. Alimnong'oneza mke wake kila kitu: yupi mzee, yupi bado mchanga, yupi atakayeruka kwanza. Epiphanie alisikiliza huku akijipiga mbu. Buti lake moja lilibaki kwenye tope, wakalivuta wote wawili.

Aliuliza maswali machache tu. Mvua ikinyesha je? Hyacinthe alisema huifunika kamera kwa plastiki na kungoja. Njaa ikimshika? Hubeba mihogo.

Mchana, milio ya risasi ikapasuka upande wa mpakani. Wari wote wakaruka kwa pamoja. Epiphanie akajilaza kifudifudi. Alipoinua uso, mume wake alikuwa bado juu ya ndoo yake, anabadilisha filamu.

“Hata sasa hatuwezi kurudi?”

“Watatua tena, Mama Joëlla. Tukiondoka, nani atawapiga picha?”

Epiphanie alimtazama sana. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka mabega yakamtikisika, akaukamata mkono wa mume wake uliojaa tope.

Wari walitua tena. Wao wakabaki mpaka maji yakageuka mekundu kwa machweo, ndipo wakarudi. Njiani Epiphanie alimwambia kwamba sasa ameona kwa macho yake, na hatamsumbua tena. Aende kila Jumamosi, akae anavyotaka. Usiku ule, kabla ya kulala, Hyacinthe alimshukuru Mungu kwa kumpa mke mwenye moyo mkubwa.

Jumamosi iliyofuata Epiphanie alimfungia mihogo mwenyewe, akasimama langoni akimpungia mkono mpaka gari likakata kona. Kisha akaenda moja kwa moja kufungua mlango wa uani. Namegabe, kijana mtanashati aliyepanga nyumba ya nyuma, alikuwa anangoja hapo.

“Umemchunguza?” aliuliza kwa sauti ya chini.

“Mpaka jua lizame. Hata risasi haimurudishe.” Epiphanie alijifunga kitenge vizuri. “Ingiza makreti yote ya bia, washa moto wa mishikaki. Leo hatufukuze mteja saa sita ya mchana kama Jumamosi zingine. Na wale wazee wengine wa kanisa, uwawekee viti kwenye kivuli.”