Mtihani wa Mara ya Tatu

Gari lilikohoa, likaruka kama limechomwa sindano, kisha likaishiwa nguvu katikati ya mlima. Mama alilisogeza pembeni, akavuta breki ya mkono, akalaza paji la uso juu ya usukani.

"Bwana, hata leo?"

Ilikuwa saa mbili na nusu. Geti la chuo cha ufundi aliliona kule juu, nalo lingefungwa saa tatu kamili. Sharti la mtihani wa vitendo lilikuwa moja: uje na gari linalotembea, au urudi mwakani. Mwaka juzi lilimzimikia njiani. Mwaka jana vilevile. Miaka minne ya masomo ya jioni, na cheti bado kilimpiga chenga.

Alimpigia simu mumewe, fundi mwenye uzoefu wa miaka ishirini na sita, ambaye ndiye aliyemsikiliza akikariri masomo yake yote.

"Baba watoto, limefanya tena."

"La kurukaruka? Basi ni sensa ya throtoli. Pole, mke wangu. Usiguse kitu, utaharibu zaidi. Nakuja kukuvuta."

"Ukifika, geti litakuwa limefungwa."

"Mungu ana makusudi yake, mama."

Alisema hivyohivyo mwaka jana. Mara zote mbili alilivuta gari hadi karakana, akabadilisha sensa peke yake. Mama alipotaka kuiona ile mbovu, aliambiwa imeshatupwa.

Alikata simu, na mawazo yakamwendea shemeji yake. Jana jioni ndiye aliyeliazima gari. Na wiki iliyopita, mteja mmoja aliposema, "Leo namtaka fundi mama anitazamie," shemeji ndiye aliyepiga kelele karakana nzima isikie: "Kaka, jifunge aproni! Wewe sasa ni wa kuosha vyombo!" Watu walivunjika mbavu. Mumewe alicheka kuliko wote.

"Shemeji, kama huu ni mkono wako, Mungu akusamehe," alinong'ona. "Mimi bado sijaweza."

Aliufungua mkoba kutafuta mita yake ya kupimia umeme. Juu kabisa ilikuwa bahasha ya kalamu na picha zake, ambayo mumewe aliifunga asubuhi kwa tepu nyeusi ya umeme. Ncha ya tepu aliikunja kama sikio dogo. Ndivyo alivyofunga kila kitu, nyaya za wateja hata makopo ya chakula ya watoto. "Anayefungua asihangaike na kucha," husema. Shemeji humcheka kwa hilo: "Kaka, tepu unaidarizi?" Mama aliligusa lile sikio, na moyo ukatulia kidogo, kama aliyeshikwa bega.

Akafungua boneti.

Sensa ile kazi yake ni moja: kuiambia kompyuta ya gari mguu umekanyaga mafuta kiasi gani. Aliwasha swichi bila kuwasha injini, akachomeka pini ya mita nyuma ya soketi ya sensa, kwenye waya unaobeba ujumbe huo. Kisha akavuta kamba ya mafuta kwa mkono, polepole, huku macho yakiwa kwenye mita. Mshale ulipanda kutoka nusu volti hadi nne na nusu bila kushtuka hata mara moja. Akarudia. Ukapanda tena, laini kama mlango uliotiwa mafuta.

Sensa ilikuwa nzima. Ilikuwa inasema, kompyuta ndiyo haikuwa ikisikia.

"Ukikosa kwa macho, tafuta kwa vidole," mwalimu wa jioni alizoea kuwaambia. Akaufuata waya kuanzia kwenye soketi, inchi kwa inchi, vidole vikiungua kwa joto la injini. Chini ya bomba la hewa, mahali ambapo jicho halifiki, vidole vilikuta uvimbe. Aliuvuta waya hadi kwenye mwanga. Ulikuwa umezungushiwa tepu nyeusi, na alipoubinya alisikia ncha mbili ndani zikicheza, zimegusana tu, hazikusokotwa. Kwenye barabara tambarare zingeshikana. Mlimani, gari likitikisika, zingeachana.

Mtu alikuwa ameukata.

Alitazama saa. Zilibaki dakika kumi na saba. Angefungua, angesokota, angefunga, na angefika. Jioni angemsimamisha shemeji katikati ya karakana, mbele ya mumewe, aseme alichokifanya na kwa nini, mwaka juzi, mwaka jana na leo.

"Asante, Bwana, kwa kunifungua macho," alisema, machozi yakimlenga. Simu ilianza kuita juu ya kiti: Baba watoto. Aliiacha iite. Akaugeuza ule uvimbe kwenye mwanga, akatanguliza kucha ya kidole gumba kuitafuta ncha ya tepu.

Hakuhitaji kucha. Ncha ilikuwa imekunjwa vizuri, kama sikio dogo.