Harufu ya Jirani

Nguchiro wa kichuguu kimoja walipendana kwa pua. Kila asubuhi walisuguana mpaka wote wanukie harufu moja, na mwenye harufu hiyo hakulala njaa. Mama Tunu, mlezi wao, aliwanyonyesha wote bila kuuliza nani kamzaa nani.

Siku moja alikuta kitoto cha kichuguu jirani kinalia porini. Akakikumbatia, akakinyonyesha mpaka kikanyamaza, akakirudisha kwao.

Aliporudi nyumbani, Kinusi, mkuu wa walinzi, alimzuia mlangoni.

"Wewe si wetu."

"Kinusi, mwanangu! Ni mimi, mama yako."

Kinusi akamnusa tena. "Sauti umeiiba kwa mama, lakini harufu ni ya jirani."

"Basi nitazame usoni!"

Hakuna aliyemtazama. Walimrukia kwa pamoja, kama alivyowafundisha kusaidiana, wala hakuna aliyetegea mpaka akakata roho. Kinusi akawasifu kwa umoja wao.

Jioni waligawana mayai sawasawa, kindugu. Yai kubwa kuliko yote walilifunika kwa majani, wamwekee mama yao, maana leo alikuwa amechelewa kurudi.