Skola

Mama Doto wa nyumba ya pili anadai alisikia kwa masikio yake mwenyewe: Tekla alisimama uani akamtaja mama mkwe wake kwa jina, tena kwa kupayuka. "Mkamwana gani huyo?" anamuuliza kila anayepita.

Habari ya sufuria haisemi. Mtoto wa Tekla alikuwa ameinamia uji unaochemka, naye amepewa jina la bibi yake, Skolastika. Miaka minne mama yake alimwita Skola tu, maana mkamwana hatamki jina la mkwe. Siku hiyo hofu ikalitoa lote. Mtoto akashtuka, akarudi nyuma, akapona.

Kwa kosa hilo Tekla anarudishwa kwao. Mtoto anabaki. Mume yuko ndani, hatoki.

"Ungemvuta mkono," mama mkwe alisema, ungo mapajani.

"Nilikuwa mbali, mama."

"Mdomo ndio ulikuwa karibu."

Tekla akapiga magoti kando ya furushi lake. "Nakwenda, mama. Ila msimwite jina lote. Tangu siku ile akilisikia anatetemeka. Naomba mmwite Skola."

Mama mkwe akapepeta mchele. Makapi yakaruka, na mtoto akayakimbilia akicheka.