Kaburi la Mzee Ruganza

Sévère alinyoa upara wa msiba asubuhi, kabla hata jembe halijagusa kaburi. Akaja malishoni Kiringye na wanawake wa ukoo wake, wanalia tangu barabarani, hata wenye pikipiki wakasimama kuwapa pole.

Geneviève aliwatazama. Malisho hayo yalifunguliwa na baba yake, wakati bonde la Ruzizi lilikuwa bado nyasi na mbu. Lakini desturi ni desturi: mwenye mzee wake ardhini ndiye mwenye ardhi, na baba yake alizikwa misheni, Luvungi. Hapa palikuwa na kaburi moja tu, rundo la mawe, na Sévère aliapa kwamba ndani yake kalala babu yake. Akiaminiwa, kesho ng'ombe wa Geneviève watalala njiani.

"Mama Geneviève," akasema chefu Onesphore, mkuu wa kijiji aliyekuja kuamua, "weye ndiye unachunga historia ya familia yenu. Mule ndani iko nani?"

Swali hilo alilisubiri maisha yake yote. Ndugu zake walikimbilia Uvira kuuza simu. Yeye akabaki na fimbo ya baba, kibuyu cha maziwa, na masimulizi ambayo hakuna aliyekuwa na haja nayo. Akakohoa kidogo.

"Ni Mzee Ruganza. Ndivyo baba alimuita. Siku ya kuvuka Ruzizi, yeye ndiye alitangulia mu maji, baba akafuata nyuma."

"Munasikia?" Sévère akaruka. "Babu alitangulia!"

"Chefu, minye sijamaliza. Alikuwa na nguvu ya ajabu. Na watoto, hawahesabiki."

"Babu yangu kabisa! Sisi kwetu tunazaa!"

"Nyama hakuonja hata siku moya. Pombe pia hapana."

"Muntu wa Mungu!" Sévère alikuwa keshaanza kujifuta machozi.

"Na paji lake la uso lilikuwa pana sana."

"Angalieni hili yangu!" Akajipiga kofi la paji, likalia pa.

Geneviève alilitazama. Kusema kweli, walifanana kidogo.

"Papa Sévère, niache nimalize. Kuna neno moya sijasema..."

"Umalize nini? Unataka kutuibia babu!"

Wanawake wakapaza kilio, mmoja akajitupa chini akagaagaa. Chefu akachoka. Akaamuru mawe yaondolewe na shimo lichimbwe, kisha mjukuu ashuke mwenyewe kumtoa mzee wake, kichwa kwanza, ndani ya kitambaa cheupe, kama inavyotakiwa. Akamgeukia Geneviève.

"Mama, uko na la kuongeza?"

Geneviève alikuwa na hasira. Miaka yote hiyo kuyatunza maneno ya baba, na siku ya kuyasema anakatizwa kama mtoto.

"Hapana, chefu. Ashuke tu."

Sévère akashuka, kitambaa begani, akimwita babu kwa majina yote ya sifa. Baada ya kitambo, kilio chake kilikatika ghafla. Watu wakasogea, wakatazamana. Kisha kikaanza upya, kikubwa kuliko cha kwanza, na Sévère akapanda taratibu, amemkumbatia babu yake kifuani. Kitambaa kilitosha kufunika kichwa chote. Pembe tu ndizo zilizobaki nje.