Jiwe la Banda la Nguruwe

Mlinzi wa ngome, binti mdogo, alifungua begi la Fulcran, akakuta jiwe.

"Mzee mzima unaiba mawe?"

"Naiba nini? Nalirudisha!" Magoti yake yalikuwa yakiwaka moto kwa saa nzima ya kupanda mlima. "Babu yangu ndiye aliyelichukua hapa, akajengea banda la nguruwe. Mke wangu anaumwa, na amenikalia kooni lirudi kabla hajafa."

Upande mmoja wa jiwe ulikuwa na mfuo laini, uliochimbwa na kamba za nguruwe kwa miaka themanini.

"Kila ninayemkamata huniambia anarudisha," alisema yule binti. "Sikia. Kama umelileta, huruhusiwi kuingiza jiwe humu, shuka nalo. Kama umeling'oa hapa, linabaki, na wewe nakuandikia kesi."

"Binti, una akili timamu kweli?"

"Ndiyo sheria, mzee."

Fulcran alitazama bondeni. Pale chini ya ngome yao ndipo Wakathari, waumini wa dhehebu la zamani, walipochomwa moto kwa mamia, karne nyingi zilizopita, kwa kukataa kusema uongo mmoja tu, kwamba wameiacha imani yao. Mkewe aliwapenda kwa hilo. Sasa alikuwa palepale, ndani ya gari, amejifunika blanketi hadi kidevuni, akimsubiri.

Kwa miaka yake yote sabini na sita, Fulcran hakuwahi kuchuma hata tunda la jirani.

Alilitoa jiwe, akalibwaga miguuni pa mlinzi.

"Haya, toa hiyo kalamu yako," alifoka. "Andika nimeiba."